Kitambaa Chekundu Kiunoni

Wanaonijua watakwambia mimi ni mwepesi wa hasira, na hawasemi uongo. Mama husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Lakini hasira zangu nyingi huisha kabla chai haijapoa. Hii moja ina miaka sasa, nami kila nikifungua sanduku kutafuta vyeti vyangu, nakikuta chini yake kile kipande cha kitambaa chekundu, urefu wa kiwiko mpaka vidoleni, na damu inanichemka upya.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Mtwara, nasomea ualimu. Mhadhiri wetu mmoja aliyewahi kusoma Marekani alirudi na mipira miwili iliyochongoka ncha zote mbili, pamoja na wazimu wa kutufundisha mpira wa Kimarekani. Watu wa mtaani waliuita mpira wa yai, na sisi tukauita hivyo hivyo. Alituambia mchezo huo unachezwa kwa namna nyingi. Kuna ule mkubwa, watu kumi na mmoja kila upande, wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wanaangushana mpaka chini. Kuna wa kugusana: mwenye mpira akiguswa kwa mikono miwili, basi kakamatwa. Na kuna wa vitambaa, watano kwa watano. Kila mchezaji anafunga mkanda wenye vitambaa viwili, kimoja kila nyonga, na ukitaka kumsimamisha mwenye mpira humwangushi wala humshiki, unamchomoa kitambaa. Kikitoka, mchezo umesimama pale pale. Asiye na kitambaa haruhusiwi kushika mpira.

Kofia hatukuwa nazo, mabega hatukuwa nayo, tukaanza na vitambaa, wavulana na wasichana pamoja. Vitambaa vyenyewe vilikuwa kanga kuukuu tulizozichana, za kila rangi.

Mimi nilikuwa mrushaji. Huyo ndiye anayepewa mpira kwanza, anatazama nani yuko peke yake, anamrushia. Kurusha sikufundishwa na mtu aliyetoka Marekani. Nilijifunza Msimbati kwa babu, msimu wa korosho, mimi na kaka zangu tukivurumishiana mabibo yaliyokwisha kung'olewa korosho zake. Bibo bovu likikupata la shavu, utajifunza kulenga kabla hujapatwa la pili. Siku nilipoushika ule mpira mara ya kwanza, vidole vyenyewe vilijua pa kukaa. Niliurusha, ukaenda umejinyoosha mpaka mikononi mwa mtu aliyekuwa ng'ambo ya uwanja. Mhadhiri akasema, "Hebu rudia." Nilirudia mpaka jua likazama.

Mwaka ule likatangazwa shindano la vyuo Dar es Salaam, la vitambaa tu, kwa sharti kwamba kila timu iwe na wasichana wawili uwanjani muda wote. Nilitaka kitu kimoja: kusimama Dar es Salaam na mpira mkononi, nirushe mbele ya watu wasionijua, waone. Kombe sikulitaka, wachukue wenye shida nalo. Usiku nililala naona mpira ukienda.

Nahodha wetu alikuwa kijana wa bara, mtoto wa ofisa aliyehamishiwa huku. Alikuwa na mbio, na mdomo wake ulikuwa na mbio zaidi. Kurusha hakujua, asingempata kwa jiwe hata mbuzi aliyelala. Yeye ndiye aliyesema Dar hatuwezi kwenda na matambara. Akaenda kwa fundi cherehani Magomeni, mtaa wetu hapa hapa Mtwara, akarudi na mfuko, akaumwaga nyasini mbele yetu. Mikanda myekundu. Vitambaa vyekundu. Vyote, vya wavulana na vya wasichana.

"Rangi ya moto hiyo!" akasema.

Wasichana wa huku tulitazamana, kisha tukatazama chini.

Sasa hapa inanibidi niseme neno, na walionicheza wanisamehe. Huku kwetu msichana huchezwa unyago. Anawekwa ndani, anafundwa na makungwi, anapewa somo wake wa kumshika mkono, na anaapa kwamba yanayosemwa mle hayatoki. Moja ya hayo, ambalo nusu ya pwani wanalijua na hakuna anayelitamka mbele ya wanaume, ni kwamba chekundu kiunoni ni taarifa ya mke kwa mumewe: mwezi umeingia, baba, leo geukia ukutani. Mke hasemi, anakivaa tu, na mume mwenye adabu anaelewa. Basi fikiria mwenyewe wavulana wazima, ndevu zimeota, wamejifunga vyekundu kiunoni, wanakimbizana uwanjani kuchomoana.

Ningemwambia nini nahodha? Nilisema, "Rangi hii si nzuri." Akauliza kwa nini. Nikasema, "Si nzuri tu." Akacheka mpaka akashika magoti: "Nyie watu wa kusini na imani zenu!" Nikanyamaza. Nalikiri kosa langu. Ningeweza kusema fundi kakosea mshono, ningeweza kusema inachuja rangi. Uongo ulikuwapo mwingi wa kuchagua, na mimi sikuuona hata mmoja.

Uwanja wetu uko kando ya barabara, na pale kwenye ua wa seng'enge hukaa akina mama wanauza mihogo ya kukaanga na maembe mabichi yenye pilipili. Jioni ile tulipotoka tumevaa, mama wa kwanza aliweka mwiko chini. Wa pili akajifunika uso kwa kanga. Halafu, mama weee! Vigelegele. "Hongera mwali! Hongera, umekuwa mkubwa!" Nahodha akadhani tunashangiliwa. Akawapungia mkono. Akazungusha kiuno kidogo kwa madaha, nao wakazidi, mmoja akakaa kabisa mchangani hana nguvu za kusimama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mkanda wangu.

Habari hazikuchelewa kumfikia mlezi wa wanafunzi. Naye alikuwa mtu wa kuja, lakini kaoa huku, na nyumbani kwake mtu alimweleza. Akatuita ofisini watatu: mhadhiri, nahodha na mimi.

Alisema rangi ile ina maana chafu kwa watu wa huku. Maana gani, siku ile hakusema. Alisema mvulana kumchomoa msichana kitu kiunoni mbele za watu ni kuvunja maadili. Kisha akatoa hukumu, kwa sauti ya mtu anayegawa pipi: wasichana waende Dar kwa kuwa sheria ya shindano inawataka, ila wasishike mpira. Si anayechomolewa kitambaa ni mwenye mpira? Basi wasiushike. Wasimame pembeni, wakimbiekimbie kidogo, warudi nyumbani salama.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ndiye mrushaji."

"Kama lazima uguse mpira, si kuna ule mwingine wa kugusana? Chezeni huo mkiwa hapa chuoni."

Umesikia? Mvulana kunichomoa kitambaa bila kunigusa hata ukucha ni uvunjaji wa maadili. Mvulana kunitia mikono miwili kiunoni, hiyo ni michezo! Haki ya Mungu alisema hivyo, na hakuna aliyecheka. Na mwezi ule ule kulikuwa kumeletwa kofia ngumu sita za zamani, wavulana wakajaribu ule mchezo mkubwa kwenye changarawe, kofia sita kwa watu ishirini na wawili, wanapokezana kama kikombe cha maji msibani. Mmoja alivunjika mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo, mlio tukausikia mpaka ng'ambo ya uwanja. Kuna kikao kiliitwa? Kuna mtu aliyeuliza maadili ya mtulinga? Walimbeba wakampeleka hospitali, kesho yake wakacheza tena.

Mlezi akauliza nani aliyechagua rangi. Nahodha akatazama viatu vyake. Halafu huyu kijana, ambaye nilimrushia mipira mpaka mikono yake ikajifunza kudaka, akasema, "Yeye ndiye mwenyeji. Alijua. Angetuambia."

Wote wakanigeukia.

"Ulijua?" akauliza mlezi.

Sikujibu.

"Nakuuliza, ulijua?"

Jibu lilikuwa mdomoni, la moto kama uji, na nikalimeza, kwa sababu mbele yangu walikaa wanaume watatu na mimi niliapa. Mhadhiri alikuwa akikagua dari. Mlezi akaandika kwamba kunyamaza kwangu ni kukiri, akataka aje mtu mzima wa nyumbani kwetu.

Mama hakuja. Mambo ya kiunoni mama hazungumzi na bintiye, wala hayazungumzi kwa niaba yake. Hayo ni ya somo. Somo wangu anakaa Magomeni, nyumba ya nne kutoka kwetu, anakaanga samaki barazani. Mfupi, mweusi tii, chale za Kimakonde mashavuni za tangu utoto, na akikutazama unakumbuka dhambi zako zote. Yeye ni somo wangu na ni kungwi wa mtaa mzima. Nilimlilia pale mbele ya karai la mafuta.

"Waambie, somo. Waeleze kwa nini nilinyamaza. Wewe una ruhusa."

"Nani alikupa wewe ruhusa ya kunipa mimi ruhusa?" Akageuza samaki. "Ya ndani ni ya ndani. Futa kamasi."

Niliondoka nimemkasirikia na yeye. Siku ile nilikuwa na hasira za kutosha kijiji.

Lakini asubuhi ya kikao alikuja, amevaa doti mpya na viatu vyake vya harusini. Mlezi alimpokea kwa heshima zote, karibu bibi, keti bibi. Kisha akaanza kumweleza. Nadhani alitaka kumwonyesha kwamba na yeye anajua mila. Akasema, "Bibi, wewe ni mtu mzima, unafahamu kile chekundu kina maana gani kwa mwanamke," akaendelea, akaieleza maana yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya nahodha? Hapana, bahati ya nahodha, siku ile alikuwa kwenye mtihani. Ilikuwa mbele yangu, ya mhadhiri, na ya karani wa ofisi, mama wa huku huku, aliyekuwa kasimama mlangoni na birika la chai.

Somo alimsikiliza mpaka akamaliza. Akaikaza kanga yake.

"Baba, wewe ulichezwa wapi?"

"Naam?"

"Nakuuliza ulichezwa wapi. Ulikaa ndani kwa nani? Kungwi wako nani? Maana hayo uliyoyasema husemwa ndani, na mimi nafunda wali tangu wewe hujaoa, sikumbuki kukufunda."

Karani alitua birika sakafuni akatoka mbio, kiganja mdomoni. Mhadhiri alikohoa, akakohoa tena. Mlezi wa watu, jasho likamtoka juu ya mdomo, tone moja moja.

"Kama hukuchezwa, hujui," alisema somo, kwa upole kabisa. "Na usilolijua, baba yangu, usilihukumie watoto wa watu."

Mlezi aliikunja ile karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. "Wacheze wanavyotaka," akasema. "Sitaki kusikia tena habari hii."

Nje nilitaka kumkumbatia somo. Alinisukuma kwa kiwiko. "Usinikumbatie. Chunga mdomo wako tu."

Nilikwenda uwanjani nakimbia. Nilidhani yamekwisha, mjinga mimi! Nahodha alikuwa kasimama mahali pangu, mpira mkononi.

"Orodha imeshakwenda Dar," akasema. "Mrushaji ni mimi."

"Si inabadilishwa kwa simu?"

"Timu imeshanizoea."

Imeshamzoea! Siku nne alizokuwa anarusha yeye. "Imezoea nini," nikamuuliza, "kuokota mipira?" Wenzetu walicheka, lakini hakuna aliyenitetea. Nilimfuata mhadhiri, mtu aliyeniambia rudia, rudia mpaka giza likaingia, naye akanijibu kwamba nahodha ndiye anayepanga. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nagombana na mlezi bure. Aliyetaka nisishike mpira nilikuwa nafanya naye mazoezi kila jioni. Rangi nayo haikubadilishwa. "Dar ni mjini," nahodha alisema, "kule hakuna ushamba huo."

Utaniuliza kwa nini basi nilipanda basi. Kwa sababu kwenye orodha tulikuwa wasichana wawili tu, bila mimi wasingetimia, timu isingeingia uwanjani, wenzangu wangenilaani. Na kwa sababu nilitaka kuwa karibu na ule mpira. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Uwanja wa Dar ulikuwa na nyasi kweli. Mchezo wa kwanza nilisimama pembeni kama nilivyopangwa, nakimbia nakwenda, nakimbia narudi, hakuna anayenitazama. Kando ya uwanja walikuwapo mama ntilie na masufuria yao. Na Wazaramo nao, kwa taarifa yako, huwacheza binti zao. Walipotuona tu, nikakisikia kile kicheko. Kile kile! Vigelegele vikapanda. Na nahodha, Mola wangu, akawapungia mkono.

Mpira wa kwanza aliurusha chini. Wa pili ukaenda mbinguni. Wa tatu aliwapa wapinzani, mkononi kabisa, utadhani zawadi. Baada ya mapumziko tukakusanyika duara kupanga, naye akaanza kutufokea sisi wasichana. "Nyie mnalala! Dakeni mipira!" Mimi, ambaye hakunirushia hata mmoja.

Nilinyoosha mkono nikachomoa kitambaa chake.

Wenzetu wakadhani nimerukwa na akili. Mtu hachomoi kitambaa cha timu yake. Nikamvuta shati, nikamsogezea mdomo sikioni, nikamwambia. Maneno yale yale niliyofundishwa, kwa mpangilio ule ule, sikuruka hata moja. Mwisho nikamweleza mama wale wa Mtwara walikuwa wanampongeza kwa lipi, na hawa wa Dar wanashangilia nini.

Sijawahi kumwona mtu akiisha huku amesimama. Alitazama kule kwenye masufuria. Mama mmoja akampungia mkono. Akajishika kiunoni kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekatikiwa na kamba ya kaptura.

"Kitambaa chako hiki," nikasema. "Vaa tuendelee."

Hakukipokea. Alifungua mkanda mzima akautupa nyasini, na asiye na kitambaa hashiki mpira, sheria ndiyo hiyo. Akatoka mwenyewe. Hao wengine hawakusikia kitu, waliendelea na vyekundu vyao kwa amani.

Niliuchukua mpira. Nilirusha mara saba, mara tano ukadakwa, na ule wa sita ulimpita mtu mikononi kwa uzembe wake. Tulishindwa, tulikuwa tumeachwa mbali mno. Lakini kuna mwamuzi mmoja, mtu mzima, aliyenifuata mwishoni kuniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Msimbati, kwa mabibo. Nilicheka peke yangu mpaka basi likafika Kibiti.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa somo. Sikuweza kumficha, na kusema kweli nilitaka acheke. Nilimsimulia vizuri, na mikono ya nahodha kiunoni nikaigiza. Alikuwa anaparua samaki. Kisu kikasimama.

"Ulimwambia mwanamume?"

"Nilimnong'oneza, somo. Sikioni."

"Yote?"

"Yote."

Akaendelea kuparua, magamba yanaruka. Nikapandwa na hasira pale pale. "Alinionea, somo! Alinichomea mbele ya wakubwa, akachukua nafasi yangu! Na mlezi je? Mlezi si aliyasema ofisini, kwa sauti? Mbona ulimwacha akaenda zake?"

"Mlezi hakuapa," akasema. "Wewe uliapa."

Nahodha alimaliza chuo, na kwenye hafla ya kuagana walimpa cheti cha mwanzilishi wa mchezo. Sijasikia kwamba kuna mtu aliyemnyima kitu.

Likizo ya Desemba wakachezwa wasichana wa Magomeni, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wao. Siku ya kuwatoa wali nilivaa kanga mpya, nikaenda nimebeba zawadi yake. Somo alikuwa kasimama kwenye upenyo wa ua wa makuti, anaingiza wanawake mmoja mmoja. Wenzangu niliochezwa nao waliingia. Nilipofika mimi, alipokea zawadi, akaweka mkono wake kwenye nguzo, mbele ya kifua changu.

"Wewe kaa huko," akasema.

Huko kulikuwa na mabenchi, chini ya turubai. Baba alikuwa huko, na wajomba, na wanaume wengine wa mtaani wanaosubiri chakula. Nilikaa mwisho wa benchi. Hasira nilizigawa pale pale nilipokaa: kwa nahodha, kwa mlezi, kwa yule mhadhiri na dari lake, na kwa huyu mwanamke mfupi ambaye nampenda na ambaye, shetani na alaaniwe, alikuwa na haki. Ndani ngoma ikaanza. Ukafuata wimbo, na ule wimbo naujua wote, mwanzo wake, mafumbo yake, na mahali pa kupiga makofi.

Mjomba aliyekaa karibu nami akaniinamia. "Eti wanaimba nini humo?"

"Sijui, mjomba," nikasema.